Neno "hatuna": kisa cha maktaba moja ya Bukavu na wasomaji wake wa nchi jirani

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea katika maktaba ya taasisi moja ya elimu ya juu mjini Bukavu, kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022. Nilikuwa mmoja wa watu watatu waliohudumia wasomaji hapo. Nimeondoa jina la taasisi, majina ya watu, na vitu vidogo ambavyo vingemfanya mtu wa Bukavu aseme "huyo namjua". Nakiandika kwa ajili ya wakutubi wenzangu wa Maziwa Makuu, hasa wale wanaoshika maktaba peke yao au wawili na ambao simu zao zimejaa maombi ya watu wasiowahi kuwaona.

Mazingira

Bukavu ni mji wa mpakani. Kutoka Nguba mtu anateremka kwa miguu hadi daraja la Ruzizi, na akivuka tu yuko Rwanda, wilaya ya Rusizi. Ukishika barabara ya bondeni kwenda kusini unafika Uvira, na kutoka Uvira Bujumbura si safari. Kwa miaka mingi wanafunzi wa ng'ambo walikuja kwetu kama watu wanavyokuja sokoni. Asubuhi wanachukua jetoni, yaani kibali cha kuvuka, mpakani, wanasoma mpaka mchana, wanarudi kwao kabla kizuizi hakijafungwa. Hatukuwa na huduma yoyote maalumu kwa ajili yao na hatukuona haja yake. Walikuwa wasomaji kama wengine, isipokuwa waliondoka mapema.

Hazina ya maktaba ile si vitabu vya kununuliwa. Hivyo vinapatikana kwingine, tena vipya zaidi. Hazina yetu ni memwari na TFC za wanafunzi wetu, yaani tasnifu na kazi za kumaliza mzunguko wa kwanza wa masomo, kazi za miaka na miaka kuhusu kilimo, uvuvi, afya, ardhi na biashara ya Kivu. Nyingi ziko nakala moja tu duniani, zimepigwa kwa mashine ya chapa, jalada limeanza kuachana na kurasa. Karibu zote ni za Kifaransa.

Katalogi ilihamishwa kutoka kwenye fichi za karatasi kuingia kwenye kompyuta, na kazi hiyo ilifanywa na wanafunzi wa mazoezi waliopokezana mwaka baada ya mwaka. Kila mmoja aliandika mada kama alivyoielewa. Mmoja aliandika "pêche", mwingine "poisson", mwingine akanakili kichwa cha memwari na kuacha nafasi ya mada wazi. Sisi wa mezani tulijua hivyo, lakini haikutusumbua. Mwanafunzi wa Bukavu akikosa kitu kwenye kompyuta anaingia mwenyewe kwenye rafu, au anamuuliza mlinzi aliyekaa pale miaka ishirini, au anaona kitabu mkononi mwa mwenzake. Akishindwa leo anarudi kesho.

Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona, na vyuo vikafungwa. Masomo yetu yalipoanza tena mnamo Agosti, daraja lilikuwa bado halipitiki kwa mwanafunzi wa kawaida. Waliokuwa wakija kwa miguu wakaanza kuja kwa barua pepe na kwa WhatsApp, kwenye simu ya mkutubi mkuu, mama wa makamo ambaye nusu ya mji inamwita Mama tu. Nami nitamwita hivyo hapa.

Jambo moja zaidi linahitajika ili kisa kieleweke. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Rusizi wa mwaka 2020 alikuwa amesoma karibu miaka yake yote kwa Kiingereza. Baba yake angesoma memwari zetu bila shida. Yeye alihitaji msaada.

Yaliyotokea

Oktoba 2020 mwanafunzi mmoja, msichana wa chuo cha upande wa Rwanda, alituma barua pepe fupi kwa Kiingereza. Alikuwa anaandika kazi ya kumaliza masomo juu ya uvuvi wa dagaa katika ziwa Kivu, na akaomba maandishi yoyote tuliyo nayo. Neno alilotumia kwa samaki huyo ni "sardine", kama walivyomfundisha darasani.

Barua ilikaa siku tisa. Haikuwa dharau. Kila mmoja wetu aliiona, na kila mmoja alidhani mwenzake ameishika. Siku ya kumi kijana wa mezani aliandika "sardine" kwenye katalogi, kikatoka kitabu kimoja kuhusu kusindika samaki wa baharini. Akajibu kwa Kifaransa, mstari mmoja: kwa bahati mbaya hatuna maandishi kuhusu mada hiyo. Akafunga ombi, na kwa vipimo tulivyokuwa navyo wakati ule, kazi ilikuwa imekwisha.

Mtu wa Bukavu anayesoma haya ameshashika kichwa. Samaki huyo kwetu ni sambaza. Ndiye wanayemuuza wamama wa sokoni kwa vikopo, ndiye anayevuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wavuvi wakiimba. Aliletwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo watu wa mwambao wamekula, wameuza na wameandika juu yake. Tulikuwa na memwari na TFC saba kuhusu sambaza. Nyingine zilikuwa na neno hilo kwenye jalada, nyingine zilimtaja kwa jina la kisayansi, Limnothrissa miodon, na moja ilisema tu "uvuvi wa usiku" pamoja na jina la ghuba. Kwa mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, samaki kama mnyama yuko 597, uvuvi uko 639.2, na uchumi wa uvuvi unaangukia 338.3. Kazi saba, rafu tatu, vyumba viwili. Hakuna hata moja iliyokuwa na neno "sardine".

Novemba, rafiki wa mwanafunzi huyo, mkazi wa Kadutu hapa Bukavu, aliingia maktabani kwa shughuli zake. Alipita kwenye rafu, akaona, akapiga picha ya migongo ya memwari nne zilizosimama pamoja na kuituma ng'ambo. Jioni ile Mama alipokea ujumbe kwenye simu, sasa kwa Kiswahili. Nimeruhusiwa kuunukuu:

"Mama, shikamoo. Nilijibiwa kwamba hakuna. Rafiki yangu amenionyesha ziko. Labda sikuuliza vizuri. Naomba unifundishe namna ya kuuliza."

Mama alitusomea asubuhi iliyofuata, tumesimama, kabla ya kufungua mlango. Kijana aliyejibu "hatuna" aliomba aone picha. Aliikuza kwa vidole viwili mpaka neno sambaza likajaza kioo cha simu, akakaa nayo muda. Kisha akasema, "Mama, hizi nilizipanga mimi mwenyewe." Mama hakumgombeza. Alimwandikia msichana: "Mwanangu, hukuuliza vibaya. Sisi ndio hatukutafuta. Nipe siku mbili."

Katika siku hizo mbili lilitokea kosa la pili, nalo lilizaliwa na huruma. Kijana yule, kwa kutaka kurekebisha, alimtumia mwanafunzi neno la siri la taasisi la kuingilia Research4Life, mpango unaofungua majarida ya kitaaluma kwa taasisi za nchi zenye uwezo mdogo. Mwanafunzi alifurahi, akawapa wenzake wawili, nao wakawapa wenzao. Baada ya wiki kadhaa tuliliona neno letu la siri limebandikwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi ambao hatukujua hata wako nchi gani. Masharti ya mpango yako wazi: neno la siri ni la watu wa taasisi iliyojiandikisha, halitolewi nje. Tungefungiwa, walimu wetu wote wangekosa majarida.

Kosa la tatu lilikuja baadaye. Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na miezi iliyofuata tulianza kupata maombi kutoka mbali zaidi. Mtafiti mmoja wa Kigoma, upande wa Tanzania, alituandikia Kiswahili kizuri sana. Alitaka kujua samaki wa ziwa lake aliendeleaje alipohamishiwa Kivu. Wao humwita lumbu. Tulikubaliana apige simu tumsomee majedwali ya TFC moja ya zamani isiyoweza kuskaniwa kwa ubovu wa karatasi. Nilimwandikia: "Piga kesho saa 8." Kwenye mlango wetu bango linasema 8h00, na mkono wangu uliandika kama bango. Yeye alisoma kama Mswahili yeyote anavyosoma, saa nane mchana, tena kwa saa za Tanzania, ambazo ziko saa moja mbele ya zetu. Nilimsubiri asubuhi. Alipopiga mchana wake, hapa ilikuwa saa saba na mlango umefungwa kwa chakula. Tulipanga tena, umeme ukakatika na simu ya mezani ikazimika chaji. Tulipanga mara ya tatu, hakupiga tena.

Maamuzi, na kwa nini

Mapema Desemba 2020 tulikaa watatu mezani, bila ajenda ya maandishi. Mama aliweka daftari la shule katikati na kusema tuanze na hilo. Kila ombi la nje linapewa namba, tarehe, jina la aliyelishika, na jibu la mwisho. Aliyelishika analimaliza au analikabidhi kwa sahihi. Kabla ya hapo hatukuwa tukipoteza barua. Tulikuwa tukiiona sote na kuiacha sote. Daftari lilitufaa kuliko kitu kingine chochote tulichofanya, na bei yake ni ya daftari.

Tuliamua pia kwamba ndani ya siku mbili za kazi kila mtu atapata neno kutoka kwetu, hata kama ni "tumepokea, tunatafuta, anayeshughulika ni fulani". Kimya cha siku tisa kwa aliye karibu ni usumbufu. Kwa mwenye tarehe ya kukabidhi kazi na asiyeweza kuvuka daraja, ni sawa na jibu la hapana.

Kisha tukaandika maswali ya kumuuliza msomaji kabla ya kugusa katalogi. Tuliyabadilisha mara nyingi, yakabaki matano: Kazi hii ni ya nini, na inakabidhiwa lini? Umeshasoma nini mpaka sasa? Kwenu kitu hiki kinaitwaje, nyumbani na darasani? Unasoma lugha zipi bila taabu? Faili la ukubwa gani linafunguka kwenye simu yako? Tuliyatuma kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa au Kiingereza kwa asiyekijua. Swali la tatu ndilo lililobadilisha katalogi yetu, nitalirudia.

Katikati ya Desemba masomo yalisimamishwa tena, na utulivu huo tukautumia. Tulianza na samaki kwa sababu ya aibu, tukaendelea na mazao na vyakula. Kwenye kila rekodi tuliongeza majina mengine ya kitu kilekile. Sambaza akapata isambaza ya Kinyarwanda, lumbu ya Tanganyika, "sardine" ya Kifaransa na Kiingereza, na Limnothrissa miodon. Tukaweka tahadhari kwamba ndagala wa Bujumbura mara nyingi ni samaki mwingine, Stolothrissa, ingawa sokoni wanafanana. Sombe yetu ikaunganishwa na isombe, na kisamvu cha Tanzania, na pondu ya Kinshasa. Lengalenga ikaelekezwa kwenye mchicha, na kwenye dodo ya Wanyarwanda. Mlinzi wetu mzee alijua majina ambayo hayapo kwenye kamusi yoyote tuliyo nayo, tukamwekea kiti mezani kwa wiki moja. Naomba mkutubi yeyote anayesoma haya asione hilo kama jambo la pembeni. Mtu yule alikuwa katalogi yetu ya pili miaka yote, na hatukuwahi kuandika alichokijua.

Kuhusu nakala, tulisoma sheria. Haki za mwandishi nchini Kongo zinaongozwa na sheria ya 1986, na memwari ya mwanafunzi ni kazi yake kama kitabu kilivyo cha mwandishi. Hatukutaka kuskani kazi nzima za watu na kuzisambaza kwa WhatsApp. Tuliamua kutuma kwanza ukurasa wa kichwa, yaliyomo na orodha ya vitabu vilivyotumika, msomaji achague anachohitaji, kisha tumpe sehemu ndogo. Kazi nzima ingoje ruhusa ya mwandishi, na kazi ya kumtafuta mwandishi ni yetu. Kijana yule alikubali kuwa mtu wa kupiga simu hizo, na anayo mpaka leo subira ambayo mimi sina.

Tuliamua kuandika kwa kila memwari iliyoombwa muhtasari wa nusu ukurasa kwa Kiswahili: swali la utafiti, mahali, miaka, namba zilizokusanywa ni za nini, na majedwali yako ukurasa gani. Mwanafunzi wa Rusizi asiyesoma Kifaransa vizuri anaweza kusoma jedwali la mavuno ya samaki kama anajua safu zake zinasema nini. Hii ndiyo kazi iliyokula muda wetu kuliko zote.

Neno la siri lilibadilishwa siku ileile tuliyogundua. Badala yake tulimwandikia mkutubi wa chuo cha mwanafunzi, tukamweleza kwamba Rwanda na Burundi nazo ziko kwenye kundi la nchi zinazopata Research4Life bure, kwamba chuo chake kinaweza kujiandikisha chenyewe, na fomu inajazwaje. Tukamwongezea vyanzo visivyohitaji neno la siri: African Journals Online, ambayo iko tangu 1998, na hazina huria za Kifaransa kama OpenEdition na Persée.

Lipo wazo tulilolikataa, nalo lilikuwa zuri kwa nje. Mipaka ilipoanza kulegezwa, mtu alipendekeza vitabu vivushwe na wamama wanaofanya biashara ndogo kati ya Bukavu na Rusizi, kwa malipo kidogo. Wanavuka kila siku na ni waaminifu. Mama alikataa palepale. Kitabu kikilowa au kikishikwa mpakani, mama yule atadaiwa na nani, na atalipa kwa mtaji gani? Hatuwezi kumbebesha mchuuzi wa mboga dhima ya maktaba. Nilitaka kubisha kwa sababu nilitaka vitabu vifike, lakini nilijua ana haki.

Matokeo

Mwanafunzi alipata yaliyomo ya kazi zote saba ndani ya siku mbili alizoahidiwa. Alichagua tatu. Waandishi wawili walipatikana kwa simu na wakatoa ruhusa, mmoja wao akacheka kwa furaha kwamba kuna mtu anayesoma memwari yake. Wa tatu hakupatikana, tukatuma sehemu tu. Msichana alitetea kazi yake mwaka uliofuata. Kwenye ujumbe wa shukrani alitusahihisha: TFC moja ilikuwa imewekwa kwetu kama ya pwani ya Kongo, kumbe vituo vyake viwili vya kupimia viko upande wa Rwanda. Tuliirekebisha siku hiyohiyo.

Mhadhiri mmoja wa Bujumbura, aliyekuja kwa njia ya mwanafunzi huyu, alitupa orodha ndefu ya majina ya Kirundi ya samaki na akatutumia maandishi ambayo hatukuwa nayo. Hapo kwa mara ya kwanza tulipokea kutoka ng'ambo, si kutoa tu.

Mtafiti wa Kigoma tulimpoteza. Nilimwandikia mara mbili kuomba radhi, kisha nikamtumia picha za majedwali nilizopiga kwa simu karibu na dirisha, moja moja. Hakujibu. Sijui kama zilimfaa, na bado nafikiri juu yake.

Kuna gharama ambayo hatukuitarajia. Machi 2021 mwanafunzi wa kwetu, wa mwaka wa mwisho, alisimama mezani akisubiri wakati kijana wetu anaandika muhtasari kwa ajili ya mtu wa mbali. Akasema kwa sauti, wote wakasikia: "Yaya, na sisi wa hapa tuandike barua pepe?" (Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa.) Alikuwa na haki. Tukagawa siku. Maombi ya nje yanafanyiwa kazi asubuhi kabla ya watu kujaa, na mmoja wetu anabaki mezani bila simu.

Ahadi ya siku mbili haikusimama vipindi vya mitihani. Tuliiacha kama ilivyo kwa jibu la kwanza, na kwa utafutaji wenyewe tukaanza kutaja tarehe halisi tunayoiweza.

Uchambuzi

Ukiniuliza kosa lilikuwa wapi, sitasema intaneti wala umeme wala lugha. Vyote vilituumiza, lakini kosa lilikuwa ndani ya neno moja, hatuna.

Nilirudi kwenye barua pepe zetu za zamani, nikasoma kila mahali tulipoandika neno hilo. Tulilitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. Mara nyingine lilimaanisha "nimetafuta kila mahali na hakimo". Mara nyingi lilimaanisha "nimeandika neno moja kwenye kompyuta na sikuona kitu". Na mara kadhaa, nasema hili kwa uchungu, lilimaanisha "leo sina muda". Msomaji hawezi kutofautisha. Anapokea hatuna, anaamini, anaandika kwenye kazi yake kwamba mada haijachunguzwa, na kosa letu linachapwa kama ukweli wa kisayansi. Tangu hapo tuna kanuni: anayejibu hapana anaandika alitafuta maneno gani, kwenye rafu zipi, na wapi kwingine msomaji ajaribu. Ukiandika "nimetafuta sardine, kwenye katalogi tu", unaona mwenyewe kabla ya kutuma kwamba kazi haijafanyika.

Kwa nini hatukuliona kosa hilo miaka yote? Kwa sababu wasomaji wa karibu walikuwa wakilifunika. Katalogi ilikuwa mbovu kwao pia. Walirekebisha ubovu wetu kwa miguu yao: walirudi kesho, waliingia kwenye rafu, walimuuliza mlinzi. Wa mbali hana kesho hiyo. Anategemea kile tu tulichoandika na jinsi tulivyouliza. Kwa hiyo mimi sioni tena huduma ya wasomaji wa nje kama kitu cha ziada. Majina tuliyoyaongeza kwa ajili ya msichana wa Rusizi sasa yanatumiwa zaidi na vijana wa Ibanda na Bagira, hapahapa Bukavu, ambao wengi wao hawalijui jina la kisayansi la sambaza kumzidi yeye. Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka mwaka 1931 kanuni tano za kazi yetu, na ya nne ni kuokoa muda wa msomaji. Tulikuwa tukiokoa wa kwetu.

Swali la "kwenu kinaitwaje" lilifanya kazi kwa sababu linampa msomaji heshima ya kujua kitu. Tulipouliza "maneno muhimu yako ni yapi", watu walitujibu kwa lugha ya darasani, wakiogopa kukosea. Tulipouliza kwao kinaitwaje, walifunguka. Na pande hizi maarifa yamekwisha kuvuka mipaka siku nyingi. Taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947 na kuwekwa Lwiro, si mbali na Bukavu, ilihudumia Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi kwa pamoja, kwa hiyo mtu wa Butare, Rwanda, anaweza kukuta habari za kwao juu ya kilima cha Kivu, na mtu wa Bukavu akalazimika kuandikia jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kwa habari za Bukavu. Dewey anaweka Kongo 967.51, Rwanda 967.571, Burundi 967.572. Ziwa lenyewe ni moja. Mkutubi asiyejua hilo atatafuta kwenye rafu ya pasipoti ya msomaji.

Kosa la neno la siri nalichukulia tofauti na wenzangu. Walisema kijana alivunja sheria. Mimi naona tulimwacha peke yake na msomaji aliyeumizwa, bila kumpa kitu halali cha kumpa. Mtu mwenye moyo mwema asiye na njia atabuni njia. Mkutubi wa chuo cha yule mwanafunzi alikuwapo muda wote, na hakuna aliyefikiri kumpigia. Hilo ndilo ningelifanya siku ya kwanza kama ningeanza upya: kabla ya kumhudumia msomaji wa nje, kumjua mkutubi wake.

Na saa. Sasa tunaandika hivi: "saa 2 asubuhi, 8h00, saa za Bukavu; kwa Tanzania, Kenya na Uganda ni saa 3 asubuhi." Ni mstari mrefu. Nauandika kila mara kwa mkono, sijauhifadhi mahali pa kunakili, kwa sababu nataka niufikirie kila ninapouandika.

Hali ilivyobaki

Rekodi za sheria na za historia hazijaongezewa majina. Samaki, mazao, vyakula na baadhi ya magonjwa zimekwisha. Daftari la kwanza limejaa, tuko kwenye la tatu. Waandishi wa memwari za zamani wanazidi kuwa vigumu kupatikana. Wengine wamehama, wengine wamefariki, na kwa hao tunatafuta watoto wao. Muhtasari wa Kiswahili tumeandika kwa kazi zilizoombwa tu, nazo ni sehemu ndogo ya rafu. Mlinzi mzee amestaafu. Kabla hajaondoka alikaa tena mezani wiki mbili, safari hii kwa majina ya miti.